Mabao 14 kati ya 23, mara mbili: kwa nini McGee yumo na Morris hayumo

*"Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wa sita naishi Toronto. Mwanangu wa miaka 12 ameipenda hoki ya barafuni kuliko mpira wa miguu, na timu yake ni Seattle Kraken. Juzi nilimpeleka Ukumbi wa Magwiji wa Hoki, pale Yonge na Front. Akakuta habari za Frank McGee, aliyefunga mabao 14 katika mechi moja mwaka 1905. Akaniambia, baba, Bernie Morris wa Seattle naye alifunga 14 kwenye fainali ya 1917, mbona jina lake halimo? Nikakosa la kusema. Hivi hawa washambuliaji wa zamani hupimwa kwa kipimo gani?"*

Marahaba, baba. Kijana wako ameleta namba nzuri kuliko anavyojua mwenyewe. Siku McGee alipofunga 14, timu yake ya Ottawa ilipata mabao 23. Morris naye alipofunga 14, katika mechi nne za fainali, Seattle nzima ilipata mabao 23. Kumi na nne kati ya ishirini na tatu, mara mbili, zikipishana miaka 12. Mmoja aliingizwa Ukumbini na kundi la kwanza kabisa, mwaka 1945. Mwenzake yuko nje mpaka leo. Ngoja nizichambue hizo 14 mbili, na mengine yatajitokeza njiani.

Tuanze na ya McGee. Tarehe 16 Januari 1905, Ottawa ilikuwa inalitetea Kombe la Stanley dhidi ya timu ya Dawson City, mji wa wachimba dhahabu huko Yukon. Enzi hizo Kombe lilikuwa la changamoto: timu yoyote iliyokubaliwa na wadhamini ingeweza kuja kulidai. Watu wa Dawson waliondoka kwao Desemba, wengine kwa miguu, wengine kwa mbwa wa kuvuta sleji, wengine kwa baiskeli hadi ikavunjika. Kisha treni, kisha meli hadi Seattle, kisha treni tena kukata Kanada nzima. Walifika Ottawa siku moja au mbili tu kabla ya mechi. Tarehe 13 wakaingizwa uwanjani, kwa kuwa wenyeji hawakutaka kuahirisha. Golini walikuwa na kijana wa chini ya miaka 20. Mechi ya kwanza ilikwisha 9-2 na McGee alipata bao moja tu. Ya pili wakapewa kapu: 23-2.

Sasa jiulize, mfungaji wa mechi ya namna hiyo anatuthibitishia nini? Kwetu Simba au Yanga ikikutana na timu ya daraja la tatu kwenye kombe, mtu akifunga saba, jioni tunacheka na kesho tunasahau. Rekodi ya McGee haijawahi kuvunjwa katika Kombe la Stanley na sidhani itavunjwa, lakini mimi nikimpima huwa naikunja naiweka kando. Kwenye mizani yangu ina uzito mdogo sana.

Na bado McGee anastahili, kwa sababu ya Machi mwaka huohuo. Walikuja Thistles wa Rat Portage, mji ambao baadaye uliitwa Kenora, timu ya vijana wenye mbio za ajabu wakiongozwa na Tommy Phillips. Mechi ya kwanza McGee hakucheza. Ottawa ikalala 9-3. Akarudi mechi ya pili, inasimuliwa akiwa na kifundo cha mkono kilichovunjika, Ottawa ikashinda 4-2. Ya tatu ikashinda 5-4, na bao la ushindi likawa lake. Pale unamwona mtu akicheza dhidi ya timu bora ya zama zake, unaiona timu yake ikiwa naye na ikiwa bila yeye, na tofauti haihitaji darubini. Mabao yale machache ya Machi yana uzito kuliko yale 14 ya Januari. Na yote haya alikuwa anayafanya na jicho moja, maana jingine lilipofushwa mwaka 1900 na kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mshambuliaji yeyote wa zama zile ni hili: alimfunga nani? Idadi inafuata baadaye.

Kuhusu idadi yenyewe, mwambie kijana asizichukue namba za wakati ule akaziweka kando ya namba za leo. Ulikuwa karibu mchezo mwingine. Timu ilikuwa na watu saba barafuni: kipa, mabeki wawili waliosimama mmoja nyuma ya mwenzake, winga wawili, mshambuliaji wa kati, na wa saba aliyeitwa rova, mzururaji, ambaye alikwenda popote mchezo ulipokwenda. Pasi ya mbele ilikuwa marufuku, kama kwenye raga. Ulikimbia na kisahani au ulimpa mwenzako aliye sambamba nawe au nyuma yako. Watu walicheza dakika 60 bila kupumzishwa, kwanza kwa vipindi viwili vya dakika 30, hadi ligi ya Mashariki mwa Kanada ilipoingiza vipindi vitatu vya dakika 20 msimu wa 1910-11. Kipa hakuruhusiwa kujiangusha barafuni kuzuia. Mashariki sheria hiyo ilidumu mpaka Januari 1918. Na barafu ilikuwa ya Mungu, ikitegemea baridi ya nje, ikiwa uji siku ya joto.

Katika mazingira hayo Ernie Russell wa Montreal Wanderers alifunga mabao 42 katika mechi 9 mwaka 1907. Ukisoma haraka unaona jini. Ukisoma polepole unaona Wanderers walishinda mechi zote 10 za msimu ule, kwenye ligi yenye timu mbili tatu ambazo zilikuwa za kupigwa tu. Russell alikuwa mzuri, naye yumo Ukumbini tangu 1965. Lakini mwaka mmoja kabla yake Harry Smith wa Ottawa alifunga 31 katika mechi 8, akawapita McGee na Russell Bowie, na Smith huyo hayumo, na mimi simlilii. Alikuwa na msimu mmoja wa moto akiwa katikati ya timu iliyomlisha. Ndugu zake wawili, Alf na Tommy, wameingia wote. Tommy alikuwa mfupi, mwepesi, na alifunga 39 msimu wa 1912-13 kisha 39 tena msimu uliofuata. Kurudia ndiko kunakotenganisha.

Ndiyo maana mimi sitazami idadi ya mabao kwa msimu. Natazama nafasi: mwaka huu alikuwa wa ngapi katika ligi, na mwaka unaofuata, na unaofuata. Joe Malone ndiye mfano wa kufundishia. Wengi wanamjua kwa mabao 44 katika mechi 20, msimu wa kwanza wa NHL, ligi kuu ya hoki hadi leo, 1917-18. Mtu mwenye shaka atasema, subiri kwanza: ulikuwa wakati wa vita, wachezaji wengi wako mitaroni Ulaya, ligi ilianza na timu nne ikabaki na tatu baada ya uwanja wa Wanderers kuungua Januari 1918, na pembeni yake Malone alikuwa na Newsy Lalonde na Didier Pitre. Shaka ya haki kabisa. Lakini rudi nyuma hadi 1912-13, kabla ya vita, akiwa Quebec: mabao 43 katika mechi 20. Halafu nenda mbele hadi Januari 1920, akiwa na Quebec iliyokuwa dhaifu: mabao saba katika mechi moja, na hakuna mtu wa NHL aliyemfikia tangu siku ile. Timu nzuri, timu mbovu, vita, amani, mtu yuko palepale juu. Malone hahitaji wakili.

Ila hata nafasi ina mtego wake, na huu wengi hawauoni. Mwaka 1911 ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, walianzisha ligi yao Pwani ya Magharibi, PCHA, wakajenga viwanja vya barafu ya mashine Victoria na Vancouver, wakaanza kuwavuta wachezaji kutoka Mashariki kwa pesa. Kuanzia hapo vipaji vya Kanada vikagawanyika pande mbili. Ligi ya Magharibi ikawa na timu tatu au nne. Timu nne mara washambuliaji wanne, hao ni watu 16. Ukiambiwa fulani alikuwa wa tano kwa mabao, kumbuka ni wa tano kati ya 16, na upande wa pili wa nchi kuna orodha nyingine kama hiyo. Isitoshe, Magharibi waliandika pasi za bao mapema, Mashariki wakachelewa, hivyo ukijumlisha mabao na pasi ukalinganisha pande mbili unalinganisha embe na nazi. Na kuanzia 1913 Magharibi waliruhusu pasi ya mbele katikati ya uwanja huku wakiendelea na rova wao mpaka 1922. Mashariki walikwishamwondoa rova tangu 1911.

Daraja la kuunganisha pande hizi mbili lilikuwa moja tu: fainali ya Kombe la Stanley, bingwa wa Mashariki na bingwa wa Magharibi, sheria zikibadilishana mechi moja hadi nyingine. Hapo ndipo inapoingia 14 ya Morris.

Machi 1917, Montreal Canadiens walisafiri hadi Seattle wakiwa mabingwa watetezi. Golini Georges Vezina, ambaye kombe la makipa bora limebeba jina lake hadi leo. Mbele Lalonde na Pitre. Mechi ya kwanza, kwa sheria za Magharibi, Canadiens walishinda 8-4 na watu wakadhani hadithi imekwisha. Kisha Seattle wakashinda 6-1, 4-1, na 9-1. Ile ya mwisho, ya 9-1, ilichezwa kwa sheria za Mashariki, watu sita, mchezo wa Canadiens wenyewe, na Bernie Morris peke yake alicheka na nyavu mara sita. Seattle wakawa timu ya kwanza ya Marekani kulitwaa Kombe.

Weka sasa zile mbili kwenye mizani. 14 ya McGee: mechi moja, kijana mchovu golini, timu iliyosafiri wiki tatu na zaidi. 14 ya Morris: mechi nne, Vezina golini, mabingwa watetezi, nusu ya mechi kwa sheria za wageni. Wageni nao walikuwa wamesafiri kwa treni kutoka Montreal, hilo nalikubali, ila safari hiyo haikuwazuia kushinda ile ya kwanza. Sijui mshambuliaji mwingine wa zama zile aliyefanya jambo la ukubwa huo dhidi ya upinzani wa kiwango hicho.

Na haikuwa bahati ya wiki moja. Msimu wa 1915-16 aliongoza ligi kwa mabao, 23 katika mechi 18. 1916-17 alipata 37 katika mechi 24 na kuongoza kwa jumla ya mabao na pasi, akimpita kwa pointi moja Gordon Roberts wa Vancouver, daktari aliyefunga 43 msimu uleule. Uliofuata, 20 katika mechi 18. Uliofuata tena, 22 katika mechi 20. Jumla 102 katika mechi 80, misimu minne mfululizo, kwenye ligi aliyokuwamo Cyclone Taylor, nyota mkubwa wa zama zile. Roberts yumo Ukumbini tangu 1971. Taylor tangu 1947.

Mbona Morris hayumo? Nadhani kuna sababu tatu, nazo hazilingani uzito.

Ya kwanza ni jela. Machi 1919, fainali na Canadiens ikiwa mlangoni, Morris alikamatwa na jeshi la Marekani kwa kosa la kukwepa kuitwa vitani, ingawa yeye alikuwa Mkanada wa Brandon, Manitoba. Alihukumiwa miaka miwili na kupelekwa Alcatraz, ambayo wakati ule ilikuwa gereza la kijeshi. Aliachiwa mapema, akawahi fainali ya 1920 kule Ottawa, lakini hakurudia tena namba za 1917. Sasa fikiria kamati ya miaka ya 1940, vita vya pili vimetoka kwisha, mezani kuna McGee aliyekufa Somme mwaka 1916 akiwa na sare ya jeshi. Nani angelisimamisha jina la Morris?

Hapa niseme jambo kuhusu kundi lile la kwanza, maana hulisikii sana. Wachezaji tisa waliingizwa 1945: McGee, Phillips, Vezina, Howie Morenz, Hobey Baker, Charlie Gardiner, Eddie Gerard, Harvey Pulford, Hod Stuart. Wote tisa walikuwa marehemu. Wengi walikufa vijana, na kadhaa kwa namna inayoliza. Ukumbi ulianza kama matanga ya heshima kabla haujawa orodha ya ubora, na harufu hiyo haijaisha hata katika chaguzi za baadaye. Oliver Seibert aliingizwa 1961. Ukitafuta ushahidi wa uwanjani unaomweka juu ya Morris utatafuta mpaka usiku. Mwanawe Earl, beki hodari kweli, alimfuata miaka miwili baadaye, wakawa baba na mwana wa kwanza kuwamo pamoja. Nina wazo langu nani alimbeba nani.

Sababu ya pili ni wenzake. Frank Foyston wa Seattle hiyohiyo aliingia 1958, Jack Walker 1960, kipa Hap Holmes 1972. Nahisi wapiga kura waliona Seattle wameshapewa sahani yao. Walker alifunga mabao machache kuliko Morris, lakini alikuwa bingwa wa kumnyang'anya mtu kisahani kwa ndoano ya gongo, akipiga goti na kulaza gongo barafuni, na kila aliyecheza naye alimtaja. Simwondoi hata kidogo. Mshambuliaji wa dakika 60 aliyezuia alikuwa na thamani ambayo jedwali la mabao haliionyeshi, na Frank Nighbor wa Ottawa ni shahidi wa hilo: yeye ndiye aliyepewa Hart, tuzo ya kwanza ya mchezaji bora wa NHL, mwaka 1924, zaidi kwa akili na uzuiaji kuliko kwa nyavu.

Na hapa kuna hoja dhidi ya Morris, siwezi kuificha kwa kuwa nampenda. Kumbuka nilivyompima McGee: timu ikiwa naye, timu ikiwa bila yeye. Fainali ya 1919 Seattle walicheza bila Morris. Walipata mabao 19 katika mechi tano, Foyston akafunga tisa, na walikuwa sare na Canadiens, ushindi mbili kwa mbili na suluhu moja, pale homa ya mafua ya Kihispania ilipovunja fainali tarehe 1 Aprili. Joe Hall wa Canadiens alikufa siku chache baadaye. Kwa hiyo mtu akisema Morris alikuwa anapikiwa na Foyston na Walker, ana kitu mkononi. Jibu langu ni kwamba msimu wa 1917 Foyston alifunga 36 na Morris 37. Hao walikuwa wanalishana, na mmoja yumo.

Sababu ya tatu ni ndogo: umbali. Waliokuwa wakikumbuka na kuandika walikuwa Toronto, Montreal na Ottawa, na ligi ya Pwani ilikuwa imekufa tangu 1924. Ila hii isitiwe chumvi. Kamati ilimkumbuka Tommy Dunderdale mwaka 1974, mfungaji mkuu wa muda wote wa PCHA, mzaliwa wa Australia, na watu wachache Mashariki walikuwa wamemwona akicheza.

Kipimo kimoja zaidi ambacho mimi hupenda kuliko magazeti ni mfuko. Magazeti ya wakati ule yalikuwa ya mtaani, kila mwandishi na timu yake, na sifa zilitolewa kama pilau ya harusi. Pesa haikuwa na ushabiki. Msimu wa 1909-10 Renfrew, kamji kadogo ka Ontario, kalimlipa Cyclone Taylor dola 5,250 kwa mechi 12. Wakati huo alikuwa anacheza nyuma kama beki, bado hajawa rova. Watu waliokuwa na haja ya kushinda walitoa pesa yao na kusema huyu ndiye. Kwa Morris nimekosa ushahidi wa aina hiyo wenye kishindo. Alibaki Seattle misimu minane, na mtu asiyegombaniwa haachi risiti nyingi.

Mimi ningempigia kura. Ningempigia kwa ile misimu minne, na zile 14 zikawa muhuri juu yake. Nikiambiwa nichague mmoja tu kati yake na McGee, ningemchukua McGee, kwa sababu ya ile Machi ya 1905, na kijana wako ana ruhusa ya kunikasirikia.

Akiuliza kama mlango bado uko wazi: kanuni haimzuii mtu kwa sababu ya zama zake. Kamati ina watu 18, zinahitajika kura 14, na wanaume wanne tu ndio wanaoweza kuingia kwa mwaka mmoja kama wachezaji. Wanaosubiri foleni ni watu ambao wajumbe wamewaona kwa macho yao, wengine wamecheza nao. Morris alifariki 1963. Mkirudi tena pale Yonge na Front, mwonyeshe kijana vioo vya Foyston na Walker; Morris alikuwa akisimama katikati yao.